Beseni Lililofudikizwa

Jamani, nisikilizeni kidogo, maana jambo lenyewe tunaona aibu kulisema na huku linatumaliza majumbani.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa imetulia kabisa. Mume yuko uani, amelilaza friji la mteja anachokonoa mgongoni mwake. Mke yuko dirishani na cherehani yake, amezungukwa na mapazia ya ukumbi wa sherehe. Kwa kuwa mume ni fundi friji, mtaani walimwita Baridi. Mke, kwa kazi yake, akaitwa Pazia. Majirani wakasema nyumba ile imekamilika, imekosa dirisha tu. Mama mkwe, aliyekuwa anaishi nao, alicheka utani huo kila akiusikia, kana kwamba ni mpya.

Kilichokosekana kweli kilikuwa mtoto. Hapo hakuna aliyetania.

Sasa sikieni walivyokuwa wanaishi. Pale bombani kulikuwa na beseni la bluu la kufulia. Pazia akiona siku zake, analifudikiza. Mume akilikuta limefudikizwa anajua, mwezi huu tena hamna kitu. Ananawa, anakula, anawasha redio. Mama mkwe akiliona anaguna, anaingia chumbani kwake. Hakuna aliyeupanga utaratibu huo, ulianza tu kama ufa unavyoanza ukutani. Mwanzoni Pazia alikuwa analia akiligeuza. Baadaye akaacha kulia. Baadaye tena akawa hasikii chochote, analigeuza beseni kama mtu anavyozima taa.

Basi asubuhi hiyo alikwenda msalani akakuta doa. Dogo, la kahawia, kama chai iliyodondoka kwenye kitambaa. Siku zake yeye huwa zinakuja kwa nguvu, nyekundu, za kubadilisha pedi mpaka anachoka. Mwingine angejiuliza. Yeye alishazoea jibu kabla ya swali. Alitoka, akalifudikiza beseni, akarudi kwenye cherehani. Pedi ilishinda kutwa karibu safi. Kesho yake yakaja matone mawili matatu, kisha kukavu.

Na duka la dawa liko pale pale kona ya mtaa wao, kipimo cha mimba kinauzwa. Lakini mtu anapimaje mimba wakati ameshaiambia nyumba nzima kuwa hana? Beseni lilikuwa limeshasema.

Haikupita wiki, tumbo likaanza kumkata upande mmoja, chini kushoto. Alimwambia mama mkwe, naye akasema hayo ni mabaki ya mwezi, akamchemshia maji ya kujikanda. Pazia akameza dawa za maumivu akaendelea kushona. Matone yakarudi. Kisha bega likaanza kuuma, na hapo ndipo alipokosea vibaya. Mapazia ya ukumbi yana bitana, ni mazito, na alikuwa anayabeba begani kuyapeleka kupimwa madirishani. Fundi mapazia akiumwa bega, nani atashangaa? Akahamishia mzigo bega la pili.

Siku hiyo hiyo Baridi aliingia ndani kutafuta koleo akaona nyayo za mkewe zinatokeza kwenye lundo la kitambaa. Alidhani amejilaza kupumzika. Alimwita, hakuamka; alikuwa amezimia. Jirani mwenye gari ndiye aliyewawahisha hospitali, mama mkwe nyuma ameshika viatu vya mkwewe mapajani, haviweki chini wala hamvishi.

Alipozinduka, muuguzi alimuuliza siku zake za mwisho aliziona lini. Pazia akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni juzi juzi tu.

"Zilikuwaje?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Chache. Za kahawia. Pedi haikujaa."

Muuguzi akaacha kuandika. Wakapima mkojo, wakampiga picha ya tumbo, wakamwita daktari. Daktari hakuzunguka. Alisema mimba ipo, ila imetunga kwenye mrija badala ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, damu inavujia tumboni, na damu hiyo ndiyo iliyokuwa inampelekea maumivu mpaka begani. Lazima apasuliwe sasa hivi. Pazia akasikia kwamba ni mjamzito na kwamba mimba hiyo haiwezi kubaki, yote kwa pumzi moja. Hakulia. Aliuliza mapazia ya watu atayamalizia nani.

Alipona. Mrija ule uliondolewa, wa pili ukabaki mzima, na daktari akasema anaweza kushika mimba tena. Akasema pia kwamba wangewahi, huenda dawa zingetosha bila kisu.

Wodini Baridi alikaa pembeni ya kitanda, anageuzageuza funguo.

"Niliona beseni," akasema. "Nikadhani nimeshajua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Waliporudi nyumbani beseni lilikuwa bado limefudikizwa pale bombani. Mama mkwe aliliinua, chini yake sakafu ilikuwa na duara jeupe. Akalijaza maji, akaanza kumfulia mkwewe nguo, na bila kuinua macho akauliza, "Mwanangu, leo damu imetoka?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kiasi gani? Rangi gani?"

Pazia akaanza kueleza, polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anamsomea mteja vipimo vya dirisha. Baridi akainuka akazima redio.

MAFUNZO

Ndugu zangu, si kila damu ni siku zako. Hedhi kwa kawaida huja ikaongezeka, ikawa nyekundu, ikajaza pedi siku kadhaa. Matone machache ya kahawia au waridi, yanayokuja na kukatika, yanaweza kuwa mimba changa. Kwa macho peke yake huwezi kuwa na uhakika, kwa hiyo pima, na kama siku zako bado hazieleweki, rudia kupima. Ukiona matone na tumbo linakata upande mmoja, au bega linauma, au kizunguzungu, usimeze dawa ukalala. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na nyinyi akina baba, na nyinyi akina mama wakwe, ulizeni. Beseni halijui kitu.