Euphrasie Aja Kusikiliza Kitabu

Mvua ya mchana ilikuwa inapiga bati, na Hilaire amefika pale ambapo mume wa kwenye riwaya anamwapia mkewe kwamba hana mwanamke mwingine. Mtu akacheka jikoni. Jikoni hapakuwa na mtu.

Verdiane hakushtuka. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa kama aliyekufa ganzi. Mumewe Hilaire, karani wa shamba la ng'ombe la Kirolirwe, alikuwa akimsomea kitabu hicho cha Kifaransa, akikigeuza Kiswahili polepole. Kilisimulia mume anayemsaliti mke mgonjwa, na mambo hayo wote wawili waliyajua. Mwaka 1953, Euphrasie, mke wa kwanza, alikuwa bado anakohoa chumbani wakati Verdiane alipoanza kuingia kwa mlango wa nyuma.

"Umesikia?" Hilaire alinong'ona.

"Soma tu, Papa."

Siku zilizofuata nyumba ikanuka majani ya mkaratusi, yale aliyofukiziwa marehemu Euphrasie kabla hajafa. Kisha kikaja kikohozi. Hilaire akinyamaza, kinasogea, akisoma, kinatulia.

Wakamwita Mama Nyiransabimana, mganga. Akanyunyiza maji kwenye pembe zote.

"Euphrasie, toka mu nyumba ya watu! Unatafuta nini?"

Sauti nyembamba ikatoka kinywani mwa Hilaire. "Nimekuya kukamata bwana yangu."

Mganga akamgeukia Verdiane. "Muite bwana yako jina, arudi! Weye njo muke wake sasa. Mimi hawezi kunisikia."

Hilaire akainuka, akaweka kitabu juu ya kiti, akapita katikati yao bila viatu, akatoka mvuani, na kando yake majani yakawa yanalala chini ya nyayo zisizoonekana, na ile harufu ikampiga Verdiane usoni kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno, na mganga akamtikisa bega, muite, mama, muite, naye akafungua kinywa, jina likiwa pale pale kwenye ulimi, baridi kama jiwe la mtoni, akakifunga.

Jioni Hubert, mchungaji wa ng'ombe wa shambani, akapiga hodi.

"Nimekutana na Papa Hilaire mu njia ya Rubaya. Njia iko kubwa, lakini alikuwa anatembea pembeni kabisa, kama muntu anaachia mwenzake nafasi. Nikamuuliza, uko na nani? Akasema, niko na bibi yangu. Nikazani ni weye, mama."

Verdiane akaondoa kitabu juu ya kiti, akamsogezea kiti.

"Umekula, kaka?" akauliza.