Bibi Salmina na Mkanda Uliopigwa Mara Mbili

Jumamosi mchana katika bustani ya Tunduru huwezi kupita bila kukanyaga shela ya mtu. Maharusi wa Maputo nzima huletwa pale kupigwa picha, na wapambe wao hucheza njia nzima mpaka poda iwatoke. Jumamosi hiyo ya Januari, Nércia Macuácua, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa akikatisha bustanini na gauni lake la njano, barafu ya embe mkononi, akili yote iko kwenye barafu.

"Dada, umeingia kwenye harusi ya watu," sauti ikamwambia.

Aligeuka akamwona kijana mrefu, shati limelowa mgongoni, kamera ya zamani ya mkanda usoni.

"Basi nitoe."

"Siwezi. Umeshabaki humo."

Armindo Chirindza alikuwa fundi wa majokofu. Kupiga picha kulikuwa mapenzi yake ya mwisho wa wiki. Nércia aliomba aishike ile kamera, kisha akaomba afundishwe, na sababu yake haikuwa ndogo. Bibi yake Salmina, aliyemlea, hakuwa na picha hata moja. Zote ziliteketea na nyumba wakati wa vita, na tangu hapo bibi hakutaka kamera imwangalie. Sasa alikuwa anakuja mjini kutibiwa jicho, na amekubali apigwe mara hiyo tu, tena na mjukuu wake, si mtu baki.

Basi kila Jumamosi wakawa wanakaa nyasini, joto limewalegeza, wakila bajia na mkate. Armindo alimfundisha kupima mwanga kwa kutazama unavyoangukia kiganja. Hicho kiganja kikashikwa muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

"Bado hakijaeleweka tu?" Nércia aliuliza.

"Kina mwanga mgumu, mpenzi. Tutarudia."

Bibi alipofika, Armindo alikuwa kazini, akaacha kamera na mkoba wake. Nércia alichukua mkanda mkobani, akaupachika mwenyewe. Bibi alikaa mlangoni pa nyumba ya mabati ya Nércia, mtaa wa Mafalala, kapulana mpya, kitenge cha kwao, kiunoni, amekunja uso. Kisha jirani akasema neno, bibi akacheka, na Nércia akabonyeza. Kesho yake bibi, jicho limeshatibiwa, alipanda basi kurudi kwake Chibuto.

Armindo alirudishiwa kamera, akausafisha mkanda bafuni kwake usiku ule, akapiga simu.

"Nércia, picha za bibi zimeharibika. Mkanda uliochukua ulikuwa umeshapigwa, picha zimepandana."

"Umepigwa nini?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Armindo akaanza habari za mwanga, naye akamkatiza.

"Mwanamke?"

"Mwanamke, ndiyo, ila..."

Nércia akakata simu, na hakuipokea tena wiki nzima. Alilia vilio viwili kwa pamoja, cha bibi na cha mwanamume, asijue kipi kinauma zaidi. Lakini tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Armindo. Mkanda ukiisha, yeye huurudisha kwenye kikopo chake na kuacha ncha yake, ulimi, nje, kisha huuchana pembe ili asiudhanie mpya. Huu hakuuchana. Siku aliyoumaliza akili haikuwa kichwani.

Jumatatu alijipanga foleni duka la dawa, nyuma ya watu wanaokohoa.

"Naomba dawa ya mtu asiyejua kuongea," alisema zamu yake ilipofika, akasukuma bahasha juu ya kaunta.

"Hatuna. Anayefuata."

"Mwanangu, pokea hiyo bahasha," mama aliyekuwa nyuma alisema. "Sisi tutasubiri."

Nércia akafungua. Bibi alikuwa amekaa pale mlangoni, anacheka, meno yake yote machache yako nje. Na juu ya kapulana, kama aliyepakatwa, alikuwa msichana anayelamba barafu ya embe. Picha ya pili msichana huyo huyo amelala nyasini. Ya tatu anatafuta kiatu. Mkanda mzima ulikuwa yeye, na bibi juu yake.

"Nilikupiga bila kukuomba, tangu siku ile," Armindo alisema. "Nikaona haya kulisema kwenye simu."

"Nyamaza," Nércia alisema huku analia. "Asante. Bibi yangu yupo. Asante sana."

Picha ikapelekwa Chibuto. Jumapili bibi akapiga simu, na Armindo akasogeza sikio.

"Nimeiona kwa jicho langu jipya," bibi alisema. "Niliogopa mtanipiga peke yangu, kama marehemu. Kumbe mmenipakatisha mtoto wangu. Nashukuru, mjukuu wangu, nashukuru mno. Na huyo aliyekupiga wewe, mbona simwoni?"

"Hayumo, bibi. Alikuwa nyuma ya kamera."

"Basi atoke huko nyuma. Aje hapa na wazee wake."

Armindo akauliza taratibu, Jumapili ipi.