Nanasi Bichi Mezani kwa Mama Ardis

"Geuza, mwanangu, usiogope," Mama Ardis alimwambia Bridget. "Ikishuka salama tunasali, halafu Corey anatangaza."

Tulikuwa tumeizunguka meza ya Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga katikati, viazi bado vinatoa mvuke. Bridget akaishika ile kalibu ya shaba iliyotiwa jeli kwa mikono miwili, akaigeuza juu ya sahani nyeupe, akaiinua.

Jeli haikushuka. Ilimwagika. Maji ya kijani yalijaa sahani, yakavuka ukingo, yakatembea juu ya kitambaa cha meza mpaka mapajani kwa Mjomba Orville. Vipande vya nanasi vikabaki pale katikati, vimelowa. Mjomba akaitazama suruali yake.

Mimi naitwa Lavonne, mke wa Duane, mtoto mkubwa wa Mama Ardis; Corey ni mdogo wake. Siku yangu niliogopa vilevile. Ukoo wa Haugen, hapa Minnesota, hawana mahari wala washenga. Wana saladi ya jeli. Mchumba anayeletwa nyumbani anaitengeneza mwenyewe, jeli ya ndimu yenye nanasi na karoti iliyokunwa, anaigeuza mbele ya watu, na ikisimama uchumba unatangazwa. Wenyewe wanasema ni mchezo tu. Mchezo gani huo unaomnyima mtu usingizi.

"Basi," Mama Ardis akasema taratibu. "Hii ni tofauti."

Huku kwetu mtu hakwambii chakula chako ni kibaya. Anakwambia ni tofauti, na ukishasikia hivyo ujue umezikwa.

Bridget alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kalelewa Boston na baba peke yake, akasomea uuguzi, na jeli aliyoijua yeye ni ile ya wagonjwa.

"Samahani, mama. Imelala kwenye friji tangu jana. Sijui nimekosea wapi."

"Usijali," Corey akadakia, upesi mno. "Tusilazimishe mambo. Labda tangazo tuliache kwanza. Mama, si unaona mwenyewe, maisha ya huku hayamfai kila mtu."

Nikamgeukia shemeji yangu huyo. Mchumba wake kaaibika mbele ya ukoo mzima, na yeye hata bega hakumshika.

"Kwa saladi tu, shemeji?"

"Lavonne, usiingilie."

Mama Ardis alikuwa ameokota kipande cha nanasi kwa uma. Akakitia mdomoni, akatafuna kidogo, akaacha.

"Bridget, hili nanasi ni la kopo?"

"Hapana, mama. Bichi, kama ulivyoagiza."

"Kama alivyoagiza nani?"

"Wewe, mama. Nimelimenya mwenyewe."

Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Ukitia nanasi bichi, lisilopita motoni, jeli haigandi, hata uiache kwenye friji mpaka Pasaka.

"Mwanangu," Mama Ardis akasema, "mimi na wewe hatujawahi kuongea habari za nanasi. Nilimpa Corey namba yangu akupe, unipigie tupange. Hukupiga. Nikasema moyoni, huyu binti anajisikia."

"Corey aliniambia hupendi simu."

Duane alicheka bila kutaka. Mama Ardis simu haimtoki sikioni. Kuna watu kanisani wakiona namba yake wanajifanya wamelala.

"Mpenzi, yaache hayo," Corey akasema. "Tuleni, chakula kinapoa."

"Ngoja kidogo."

Bridget akatoa simu mfukoni. Akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti:

"'Mama anasema nanasi liwe bichi. La kopo hataki hata kuliona, anasema ni uvivu. Menya mwenyewe.' Mimi nikakujibu, 'Una hakika? Pakiti imeandikwa lisitumike bichi.' Halafu wewe, Corey, ukaniandikia, 'Pakiti haimjui Mama. Niamini mimi.'"

Duane akaweka kisu chini.

"Corey, niangalie. Ule utepe wa bluu wa mshindi pale ngazini, ulipewa kwa kazi gani?"

Corey akasogeza glasi yake.

"Nimekuuliza."

"Maonyesho ya wilaya."

"Ulionyesha nini?"

"Duane, nilikuwa mtoto."

"Ulisimama mbele ya majaji na vikombe viwili vya jeli. Kimoja cha nanasi la kopo, kimoja cha nanasi bichi. Ukawaeleza watu wazima kwa nini hicho cha pili hakigandi. Mama alilia kwa furaha. Leo umesahau?"

Nikangoja Corey acheke, aseme alikuwa anatania, maana kwa utani hajambo. Hakucheka. Alikuwa anaitazama sahani yake tupu.

"Ulijua," Bridget akasema.

"Bridget, tuongee nje."

"Ongea hapa hapa."

Corey akasukuma sahani yake mbele.

"Nilitaka Mama akukatae. Akikukataa yeye, ningekuwa sijakukataa mimi."

Jamani. Nimekaa na mama mkwe wangu miaka, nimemwona akimzika mumewe, lakini sijawahi kumwona vile. Siku ile alifunika mdomo kwa kiganja.

"Una mwanamke mwingine?" Bridget akauliza.

"Sina mtu. Moyo ulibadilika tu. Sikujua nianzie wapi kukwambia."

"Tangu lini?"

"Mwishoni mwa kiangazi."

Bridget alivuta pumzi, na alipoongea alikuwa kama anaongea na mgonjwa, pole pole.

"Mwezi wa kumi nilikupigia simu. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya matroni, barua ya kuacha kazi iko mkononi. Nikakuuliza, Corey, niipeleke? Ukanijibu nini?"

"Bridget, tafadhali."

"Ulinijibu nini?"

"Nilisema peleka."

Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Vitu vya yule binti vyote vilikuwa nje kwenye gari la mizigo, theluji inaviangukia. Asubuhi alikuwa amenionyesha mapazia mazito aliyoyanunua kwa ajili ya baridi ya kwetu, anaulizia upana wa madirisha ya nyumba ya Corey. Na Corey alikuwa amesimama pembeni, akimtajia vipimo.

Mama Ardis akasimama.

"Umetaka nikutupie binti wa watu nje," akamwambia mwanawe. "Kwa jina langu, mezani kwangu, siku ya Shukrani. Na mimi ni kidogo tu nikutupie. Nilishaanza kumchukia."

"Mama."

"Sijaacha kuwa mama yako. Lakini vaa koti lako, nenda."

Corey akaondoka mezani akiburuta miguu. Alipofika mlangoni akageuka, na kweli macho yake yalikuwa mekundu.

"Bridget, nimekuwa mjinga. Nilivyokuona umesimama na ile sahani, nimejiona mimi ni mtu gani. Nisamehe, tuanze upya. Tangazo naweza kulitoa sasa hivi, mbele ya wote."

Sote tukamtazama Bridget. Hana kazi, hana nyumba, amechoka na safari, na aliyemtaka anamtaka tena. Nilihisi atakubali.

Akajifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja.

"Corey, ulikuwa unahangaika kumtafuta mtu wa kusema hapana. Mama yako hakusema. Basi nakusaidia mimi. Hapana."

Corey akachukua koti lake, akatoka. Mlango ukafungwa, gari likasumbua kuwaka, likawaka, likaenda.

Mama Ardis akainamisha kichwa, akaanza sala, katikati akamwachia Duane amalizie. Tulipofumbua macho Bridget alikuwa ameshaketi, uso umelowa, mgongo umenyooka.

"Lavonne," akaniambia, "nisogezee hivyo viazi."