Maelezo Yaliyofutwa

Jambo hili lilimpata binti wa jirani yangu, fundi wa programu, asubuhi ya kawaida kabisa. Alikuwa anakunywa chai ofisini kwake wakati hospitali ilipopiga simu: mgonjwa wa meno nusura apewe dawa za mgonjwa wa moyo.

Kosa lilitoka kwenye kiunganishi, kile kipande cha programu ambacho mifumo ya hospitali hukiuliza, “Namba hii ni ya nani?” Kilitungwa na mwenzake wa kazini, ambaye wote walimwita dada mkubwa na sasa ni marehemu. Hata kaburini alikuwa akisifiwa. “Angekuwepo dada mkubwa!” bosi alizoea kusema, na binti alichomwa na wivu mpaka akakosa usingizi. Ndiyo maana, wiki moja baada ya mazishi, alifuta maelezo yote ambayo marehemu aliyaandika ndani ya programu kuwaongoza mafundi wenzake, mstari kwa mstari, ili jina lake lisionekane tena. Hakubakiza hata nakala.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bosi alimpa mpaka saa sita mchana. Akishindwa, asahau cheo cha mkuu wa kitengo alichokuwa akikingoja.

Alikiuliza kiunganishi namba isiyokuwepo. Kiunganishi kikaleta jina la mtu. Akauliza nyingine isiyokuwepo. Mtu yuleyule. Kwa nini? Saa tano ikapita.

“Haya, dada mkubwa,” alinong'ona kwa kejeli. “Si wewe ndiye bingwa? Nisaidie.”

Feni ikasimama. Kwenye skrini, herufi zikaanza kujiandika. Mikono yake ilikuwa mapajani.

“Namba isipopatikana, kiunganishi huleta mgonjwa wa mwisho aliyefunguliwa faili. Nilikuandikia, mdogo wangu.”

Akarekebisha: namba isipokuwepo, jibu liwe “hakuna”. Akajaribu. Ikakubali.

Bosi alikuja, akainama, akasoma mwanzo wa ule mstari. “Safi sana. Maelezo yamenyooka kama ya marehemu!”

Hata katika hofu ile, wivu ulimpanda. Bosi alipotoka tu, akaufuta ule mstari.

Simu ikalia. Ni muuguzi wa mapokezi.

“Dada, kwani umelazwa kwetu?” aliuliza kwa sauti ya chini. “Kila namba tunayoingiza inaleta faili lako.”

Binti hajawahi kutibiwa pale. Alilifungua faili mwenyewe. Lilikuwa na jina lake kamili, na aliyelifungua alikuwa marehemu. Wamejaribu kulifuta mara nyingi, halifutiki. Nafasi ya tarehe ya kufunga faili, inayojazwa mgonjwa akiruhusiwa au akifa, iko wazi mpaka leo, na kishale cha kuandikia kinawaka na kuzima ndani yake, kana kwamba kuna mtu anafikiria aandike lini.