Ubao Kwenye Mizani

"Maji yako yameingia stoo kwangu, Mwalimu! Misumari ikishika kutu nitamuuzia nani?"

"Nivumilie kidogo, Mzee Taiyeb. Nainywesha mashua."

"Unainywesha nini?"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mtaani Mbezi Luis ugomvi haukosi watazamaji. Yuliana, muuza vitumbua, alikuja na mwiko wake mkononi.

"Si nilisema? Safina ya Nuhu hiyo! Mwalimu, gharika lini, tufunge mizigo?"

Watu wakacheka. Mwalimu Stanley hakucheka. Alishika mpira wa maji akatazama chini. Uani kwake kulikuwa na mashua ya mbao, urefu wake hatua saba. Alikuwa akiijaza maji tangu asubuhi, nayo ilikuwa inavuja kila upande kama chekeche.

Stanley alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, kijiji kisicho na barabara. Alikuja Dar kufundisha. Miaka thelathini na moja ikapita hajarudi. Sasa amestaafu, na roho yake iko ziwani. Hata maji yakitiririka kwenye ndoo, huacha anachofanya akasikiliza.

Mwaka jana dada yake, Vaileth, alimpigia simu. "Kaka, mtumbwi wa baba umeoza. Miti mikubwa ya kuchonga mwingine imekwisha. Wewe unakuja lini?"

"Nitakuja na chombo," Stanley alimjibu.

Ndiyo mashua hiyo. Alhamisi ya wiki hiyo lori la shemeji yake, Erasmus, lilikuwa linakwenda tupu Kyela kuchukua mchele. Lingeibeba mashua bure. Lakini mashua ilikuwa na nyufa.

Mzee Taiyeb ana duka la vifaa vya ujenzi. Ujanani aliunda mashua na baba yake. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ufa. Hasira ikamtoka.

"Nani kakuambia uijaze maji?"

"Kwetu tunafanyaga hivyo. Mtumbwi ukipasuka, tunauzamisha. Mti unavimba, ufa unajifunga."

"Ule ni gogo, mti mmoja. Hii yako ni vibao vyembamba zaidi ya mia, vimegundishwa ubavu kwa ubavu. Kimoja kikinywa maji kinavimba, kinamsukuma mwenzake. Gundi inaachia. Hizi mbao, ulizinunua lini?"

"Mwezi wa pili. Siku hiyohiyo nikaanza kupigilia."

"Mbichi!" Mzee akapiga paja. "Zimekaukia humu humu, zikasinyaa. Ndiyo hizo nyufa."

"Basi niifunike kwa faiba, yale matambara ya nyuzi za kioo?"

"Mbao zenye maji hivi ukizifunika, unayafungia ndani. Itaoza kimyakimya. Na huko kwenu faiba ikipasuka, dada yako atapata wapi ya kuzibia? Mbao tupu inatosha, ukijenga sawasawa."

"Alhamisi tutawahi?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Hata mwezi huu hapana, Mwalimu."

Alhamisi lori lilipita, likapiga honi. Stanley alisimama getini mpaka vumbi likatulia. Mke wake, Atuganile, alimfuata. Alimwekea mkono mgongoni tu.

Wakaanza upya. Waling'oa vibao vyote vilivyoachia. Wakapasua vingine, wakavipanga kivulini, na vijiti katikati ili upepo upite.

"Tutajuaje vimekauka?" Atuganile aliuliza.

"Kila Jumamosi leteni kibao kimoja, kilekile, kwenye mizani yangu ya misumari," alisema Mzee Taiyeb. "Kikipungua uzito, bado kinatoa maji. Wiki tatu kisipopungua, kimekauka."

Basi kila Jumamosi Stanley alivuka barabara na kibao kwapani. Yuliana hakumwacha.

"Mtoto anakwenda kliniki! Kaongeza?"

"Kapungua gramu ishirini."

"Makubwa! Mtoto gani huyo anafurahiwa akikonda?"

Safari hii hata Stanley alicheka. Lakini usiku aliota anapiga kasia, na akiamka anasikia mabasi tu. Wiki ya tisa kibao hakikupungua. Ya kumi, vilevile. Ya kumi na moja, Mzee Taiyeb alimpa mkono.

Walitumia gundi isiyoyeyuka majini. Walipigilia misumari midogo, kila kibao kikamshika mwenzake. Ndani waliweka mataruma, yaani mbavu za mashua, shibiri moja kati ya ubavu na ubavu.

"Usiyaweke mbali mbali," Mzee alisema. "Huna faiba ya kuikaza. Mbavu ndizo zitakazoishika. Na rangi paka nje na ndani. Ukipaka nje tu, ndani inakunywa. Ukitoka majini, ipandishe nchi kavu, uifudikize kivulini. Kila mwaka kagua rangi."

Mwezi wa kumi lori lilikwenda tena Kyela. Mara hii halikwenda tupu.

Kutoka ufukwe wa Kyela Stanley alipiga kasia asubuhi nzima, milima ubavuni, Atuganile mbele yake. Kila baada ya muda alishusha kiganja, akapapasa chini ya miguu. Pakavu.

Kijijini hakuitambua nyumba hata moja. Mwanamke mwenye mvi alishuka mpaka majini. Alikuwa Vaileth. Hakumsalimu kwanza. Aliingiza mkono ndani ya mashua, akapapasa sakafu yote.

"Pakavu," alisema. Kisha akamtazama kaka yake. "Umechelewa."

"Nilikuwa nasubiri mbao zikauke."

"Miaka thelathini na moja?"

Machozi yalimjaa Stanley machoni. Vaileth alimpokea kasia, akamshika mkono kama mtoto.

"Haya, ingieni ndani mle. Samaki wanapoa."