Binah Hakuvushwa Juu ya Jeneza

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari Vashti Capers alipovuka daraja la mwisho kurudi kisiwani. Siku nzima alikuwa Charleston, kwenye duka la vitabu, akitia saini mpaka vidole vikamfa ganzi. Foleni ilifika nje. Mama mmoja wa Kizungu alimshika mkono akalia, akasema hakuwahi kujua kwamba mambo yale yalitendeka hapo hapo mjini kwao. Vashti alimpa karatasi ya kufutia machozi. Hakuwa akikosa karatasi hizo mkobani. Kazi yake ilimfundisha kutembea nazo.

Vitabu vyake vyote vilihusu yale ambayo Marekani ingependa kuyasahau. Watu walionyongwa mitini, wafungwa waliokodishwa kama punda, vitongoji vya watu weusi vilivyochomwa moto vikafutwa hata kwenye ramani. Lakini kilichompa jina ni hiki cha mwisho, kilichomhusu Affie, mtumwa wa shamba la mpunga la kisiwani kwao. Binti yake wa miaka minne, Binah, aliuzwa mnadani. Wazee walisimulia kwamba tangu siku ile Affie alishuka gatini kila jioni, akamwita mwanawe mpaka giza liingie, na kwamba alikufa hapo hapo gatini akiwa anaita.

Vashti alikiandika kitabu hicho akiwa mjamzito. Alipojifungua mtoto wa kike akampa jina la Binah. Alitaka jina lile lipate tena mama wa kuliita na mtoto wa kuitika. Watu walimpongeza sana kwa hilo. Hata yeye alijipongeza.

Sasa Binah wake alikuwa ametimiza miaka minne.

Jioni hiyo alikuwa anapita tu kwa Shangazi Ruthell kumchukua mtoto, waende nyumbani wakapumzike. Alimkuta shangazi yake barazani, kapu la nyasi limelala mapajani nusu limesukwa, mikono imetulia. Hilo lilimshangaza, maana Shangazi alisuka hata akiwa kanisani.

"Leo kapu limekushinda?" Vashti alimtania.

Shangazi hakucheka.

"Mwanao hajala," alisema. "Nimempikia wali mwekundu na kamba, ule anaoulilia kila siku. Kasema kashiba. Kasema Mama kamlisha."

"Mama yupi? Mimi niko mjini tangu asubuhi."

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Vashti alitaka kusema watoto wana mambo yao, lakini tangu Jumamosi mtoto alikuwa na vituko. Nywele zake zilinuka tope la kinamasi hata baada ya kuogeshwa. Aliimba wimbo ambao hakuna aliyemfundisha, wa maneno yasiyoeleweka. Na kila alipoitwa jina lake, aligeuka kwanza kutazama nyuma, ndipo akamtazama mama yake.

Jumamosi ndiyo siku waliyomzika Affie upya. Kaburi lake la zamani lilikuwa ukingoni mwa kijito, na maji yalikuwa yakiula ule ukingo mwaka hadi mwaka mpaka mifupa ikaanza kuonekana. Kanisa likaamua kumhamishia makaburini kwa heshima, katika jeneza dogo la msonobari. Watu walijaa. Kamera za televisheni nazo zilikuja, kwa ajili ya kitabu. Kabla jeneza halijashushwa, watoto wadogo wakavushwa juu yake kama ilivyo desturi ya kisiwa, mtu mmoja akimpokeza mwenziwe aliye upande wa pili. Ndivyo marehemu na mtoto wanavyoagana, ili aliyekufa asije akamrudia aliye hai.

Walivushwa wote, isipokuwa mmoja.

Vashti alikuwa anahojiwa. Shangazi alipomjia na Binah mkononi, Vashti alimnong'oneza kwamba si sasa, mbele ya kamera watageuzwa kichekesho cha nchi nzima. Tena Affie si ndugu yao, akasema, ni mtu wa kwenye kitabu. Shangazi akamuuliza inakuwaje umpe mwanao jina la mtoto wa mtu halafu useme si ndugu. Vashti alikuwa ameshageukia kamera. Nyuma yake, jeneza likashushwa.

"Ningemvusha tu kwa nguvu," Shangazi alisema sasa, akilitazama kapu lake. "Mikono si ninayo? Nilikustahi wewe na hizo kamera zako."

"Shangazi, tusianze tena. Yuko wapi?"

"Kalala chumbani kwangu."

Vashti aliingia ndani. Harufu ilimpokea mlangoni mwa chumba...

Tope. Chumvi. Majani yaliyoozea majini.

"Binah?"

Kitanda kilikuwa kitupu, na shuka lilikuwa limelowa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ukicheza taratibu kwenye bawaba zake. Fremu yake ilipakwa rangi ya buluu, kama milango yote ya wazee wa kisiwa, kuwazuia pepo wasioalikwa. Lakini Affie alikuwa amealikwa. Mtoto wake aliitwa humo ndani kila siku, kwa sauti, kwa jina lake kamili.

Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji. Mguu mtupu wa mtu mzima, kutoka mlangoni kuja kitandani. Kisha, kutoka kitandani kurudi mlangoni, mguu ule ule.

Na kando yake, nyayo ndogo.

"Gatini," Shangazi alisema nyuma yake.

Vashti alikimbia. Viatu vilimtoka njiani akaviacha. Alimsikia Shangazi akihema nyuma, akimwita Yesu na kuyalaani magoti yake, kisha hakumsikia tena. Anga lilikuwa limebaki na mwanga kidogo tu, wa rangi ya majivu. Gati lenyewe lilishaoza zamani, zimebaki nguzo zilizopinda. Maji yalikuwa yanajaa.

Mtoto alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, amevaa gauni lake la njano. Mkono mmoja aliuinua juu, vile mtoto anavyoshikwa na mtu mzima. Pembeni yake hapakuwa na mtu.

Kisha pakawa na mtu.

"Binah!" Vashti aliita.

Mtoto hakugeuka.

Aliyegeuka ni mwanamke.

"Yuko hapa," alisema kwa upole. "Nimeshampata. Asante."

Vashti aliingia majini. Tope lilimng'ang'ania miguu. Alivuta hatua, akavuta nyingine, lakini wale wawili walibaki mbali vile vile, na maji sasa yalimfika mtoto kiunoni. Mtoto hakulia. Alikuwa akiimba ule wimbo wake.

"Huyo ni mwanangu," Vashti alinong'ona. "Nakuomba... ni mwanangu."

"Anaitwa nani?"

Angejibu nini? Jibu alilichapisha mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa kitabu, alipoandika kwamba kazi ile ni ya mwanawe, Binah.

"Nilimwita sana," alisema mwanamke. "Nikaona labda hasikii. Nikaona labda nimechoka kuita, sauti haifiki. Halafu siku ile wameniinua, nikasikia mtu anaita, Binah! Na mtoto akaitika, abee Mama." Akacheka kidogo. "Ameitika, mwenzangu. Umesikia? Ameitika."

Hakuwa anatisha. Hilo ndilo lililomvunja Vashti moyo. Kama lingekuwa jini lenye macho ya moto angelivamia, angeling'ata, angekufa akipigana. Lakini mbele yake alisimama mama aliyechoka aliyepata habari njema, na uso wake ulijaa furaha ambayo Vashti aliijua, maana ndiyo aliyokuwa nayo siku waliyomwekea mtoto wake kifuani.

Maji yakafika kifuani mwa mtoto.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Vashti peke yake alilijua. Alilikuta wakati wa utafiti, kwenye kumbukumbu za mtu aliyeendesha gari la farasi lililowachukua walionunuliwa. Mistari michache tu kuhusu mtoto mmoja wa kike. Alipoisoma, tumbo lake likiwa kubwa, aliandika kitabuni kwamba yaliyompata Binah hayajulikani, akalifunga jambo hilo moyoni.

"Affie," alisema. "Binah wako hakufika mbali."

Maji yakatulia. Wimbo wa mtoto ukakatika.

Akamwambia. Kwamba mtoto alishikwa na homa njiani, wiki ile ile. Kwamba walifika kivukoni mwa mto Savannah, na pale, upande wa huku wa mto, chini ya mwaloni, safari yake iliishia. Kwamba miaka yote ile gatini, aliyekuwa akiitwa alikuwa ameshalala. Vashti aliyasema huku analia, na kila neno aliliona likimwingia yule mama usoni na ile furaha ikitoka.

Affie hakupiga yowe. Alisimama tu, mkono wa mtoto bado uko mkononi mwake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kumuuliza Vashti.

"Nani alimpakata?"

Mwendesha gari alikuwa ameeleza bila kuficha. Gari halikuweza kungoja. Walimlaza chini ya mti akiwa bado anapumua, wakaendelea na safari.

"Niambie, mwenzangu. Hakuwa peke yake, eti? Nani alimpakata mwanangu?"

Vashti aliiambia nchi nzima mambo ambayo haikutaka kuyasikia, na hakuwahi kuyapunguza makali kwa kumwonea mtu huruma. Akautazama ule uso.

"Mwanamke mmoja," alisema. "Alimpakata mpaka mwisho. Alimwimbia."

"Alimwimbia..."

"Ndiyo. Alimwimbia."

Affie aliinama, akambusu mtoto wa mwenzake utosini, akamwachia mkono.

Tope likamwachia Vashti miguu, akamdaka mwanawe maji yakiwa shingoni. Alipoinua macho hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkondo mwembamba tu juu ya maji, ukienda kinyume na maji yanayojaa, kuelekea kusini, upande wa Savannah.

Asubuhi walikwenda makaburini, wao watatu tu. Juu ya kaburi jipya vilikuwapo vikombe na sahani zilizovunjwa, kama ilivyo kwa makaburi yote ya pale. Shangazi Ruthell alisimama upande mmoja, Vashti upande wa pili. Shangazi akamshika mtoto makwapani, akasema, "Affie, mama yetu, huyu si wako. Agana naye," akamnyoosha juu ya kaburi kumpokeza mama yake.

Hapo katikati, mtoto akatazama chini. Akatazama kwa makini, kama anayechungulia kisimani.

"Hayumo," alisema.

Shangazi nusura amwangushe.

"Hayumo nani, mama?" Vashti aliuliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

"Yule mama. Kaenda kumchukua Binah." Alisema jina hilo kama la mtoto mwingine, jirani yao. "Kasema kwa miguu ni mbali, lakini watarudi wote wawili. Anataka Binah amtajie jina la mama aliyemwimbia, waje wamshukuru."

Shangazi alipumua, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema basi Mungu amrehemu huyo mama aliyeimba, yeyote yule.

Vashti alimpokea mwanawe. Akaketi naye pale pale kwenye nyasi zenye umande, akampakata, akalia mpaka Shangazi akaogopa. Hakumweleza kitu. Alijua yule Binah mwingine, aliyeachwa peke yake chini ya mwaloni, atamjibu nini mama yake.