Sanda ya Dorcas Ullyatt

"Pauni elfu moja na mia tano, Pridgeon, na huzioni mpaka huyo mwanamke atoke kwenye kitabu," alisema Gervase Mawer, mdomo umejaa keki.

Desmond Pridgeon alimjibu kwamba yeye hakumtia mtu kitabuni, walimtia waliomzika. Mawer akacheka kwa pua. Alikuwa na mashamba, kondoo wasiohesabika, na picha za mababu ukutani, wote na kidevu kimoja cha bata. Alikuwa amemwajiri Desmond aandike historia ya kijiji cha Wexby ili mababu hao wapendeze. Hakumwajiri aje kuwafukua.

Na wizi alioufukua, wa babu mmoja wa Mawer, ulikuwa mdogo wa kutia kinyaa. Zamani hizo sheria ya Uingereza ilitaka kila maiti avishwe sanda ya sufu, ili wenye kondoo wasikose soko. Mashahidi wawili waliapa kwamba marehemu amevishwa hivyo, na kasisi akaandika "kiapo" kando ya jina. Desmond alikipekua kitabu cha mazishi cha Wexby ukurasa kwa ukurasa: kiapo, kiapo, kiapo. Januari ya mwaka 1684, katika baridi iliyogandisha mito, akamkuta Dorcas Ullyatt, mjane aliyelishwa na parokia. Kando ya jina lake hapakuwa na kiapo. Paliandikwa "uchi".

Hesabu za parokia za wiki ileile zilionyesha shilingi nne mkononi mwa mzee wa kanisa, Josiah Mawer, za kununulia sufu ya kumsitiri mjane. Hapo hata mtoto angejumlisha. Josiah alikula sanda.

"Huwezi kuthibitisha," alisema Mawer.

"Naweza."

"Basi thibitisha bure, bwana. Au mfanye mchawi. Wageni wanapenda wachawi, na mchawi hana wajukuu wa kukushitaki."

Desmond alimdharau Mawer toka moyoni. Hilo halikumzuia kwenda nyumbani na kufanya alivyoambiwa. Paa lake lilivuja, benki ilikuwa inamwandikia, na heshima haizibi paa. Akaandika kwamba Dorcas alikuwa mchawi, watu wakaogopa kuigusa maiti yake, na Josiah Mawer peke yake, kwa huruma, ndiye aliyemchimbia kaburi. Akaweka na tanbihi chini, uongo ukavaa tai. Hundi ikaja. Naye huyo alijiita mwanahistoria.

Jumanne moja ya Novemba, baada ya chakula cha mchana, alikwenda kupiga picha ya jalada. Jua lilikuwa jeupe, na kengele ya shule ilisikika ng'ambo ya barabara. Alizunguka kanisa hadi upande wa kaskazini, walikozikwa maskini wasio na mawe ya kaburi. Hapo ndipo mtu alipomvuta sweta kwa nyuma.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Akadhani ni mwiba. Uzi wa kijivu ulikuwa umechomoka kwenye pindo la sweta, ukapita majanini na kuishia kwenye nyasi tupu. Akaushika, akavuta.

Ukavutwa.

Mwiba hauvuti. Desmond alijua hilo. Sweta ilianza kufumuka, safu kwa safu, bila haraka, kama mtu anayekunja uzi mkononi. Ikafika kiunoni. Ikafika mbavuni. Akaivua na kuitupa, akakimbia. Alipokuwa garini alitazama nyuma. Sweta ilikuwa inateleza juu ya nyasi. Ikafika mahali, ikaisha. Nyasi hazikuwa na tundu.

Nyumbani alifunga mlango, akawasha moto, akalifuata blanketi. Kitandani palikuwa na shuka peke yake. Soksi za sufu hazikuwepo. Zulia lilikuwa limebaki kamba za chini, kavu kama mbavu za samaki. Na nyuma ya sikio lake, kwa pumzi baridi, mtu akanong'ona.

"Haitoshi."

Alimpigia Mawer simu. Akamwambia anarudisha pesa, kila pauni, na ukurasa wa kweli unarudi kitabuni. Mawer akamwita mlevi. Akasema mtu anayeogopa mjane wa miaka mia tatu hafai hata kuchunga bata. Aliendelea hivyo kwa raha zake, tusi juu ya tusi, halafu akanyamaza katikati ya neno.

"Mawer?"

"Kondoo wangu," alisema Mawer. "Wamesimama uwanjani. Wote. Wamenyolewa."

"Nani kawanyoa?"

"Nimetoka kuwalisha saa hizi hizi. Hakuna mtu. Wamenyolewa mpaka ngozi, Desmond, na hawana mkwaruzo. Hawalii. Wanaangalia mlango wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Mawer kumwita kwa jina lake la kwanza. Desmond alimwambia asifungue. Akasikia pumzi ya Mawer, fupi fupi. Akasikia bawaba za mlango. Kisha kitu kizito na laini kikaburutwa sakafuni, kama vazi refu lililolowa, kikaja mpaka kwenye simu. Mawer alikuwa analia taratibu, kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Sauti iliyosema haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mzee, na haikuwa na hasira hata kidogo.

"Sufu nimeipata," ilisema. "Na nyie mko wawili. Nipeni kiapo changu."